Mkono Mmoja Haulei Mwana

Nyumba ingojayo mtoto hujaa hesabu. Mama huhesabu miezi, baba huhesabu fedha, na bibi huhesabu leso kuukuu zitakazokatwa nepi. Hesabu hizo zikitimia, vigelegele hupigwa, majirani huja na zawadi, na mtoto hupewa jina. Lakini wako watoto ambao hawangoji hesabu itimie. Huja kabla ya siku zao, wepesi kama furushi la pamba, na kilio chao hakivuki kizingiti cha mlango. Siku hiyo vigelegele hukwama kooni. Mtoto hupelekwa upande mmoja wa hospitali, mama hulazwa upande mwingine, na majirani hawajui kama waje kwa hongera au kwa pole.

Nataka, msomaji, tuulizane swali moja: mtoto wa namna hii huokolewa na nani? Jibu la haraka ni kwamba huokolewa na daktari na mashine yake. Jibu hilo lina kweli ndani yake, walakini si kweli yote. Na nusu ya kweli, katika jambo la uhai, yaweza kudhuru kama uongo mzima.

Yafaa kwanza tulijue jambo lenyewe. Mimba ya binadamu hukamilika kwa majuma 40 hivi. Mtoto azaliwaye kabla ya kutimia majuma 37 huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati; wengi katika Afrika Mashariki humwita mtoto njiti. Watoto hawa si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 walizaliwa milioni 13.4 ulimwenguni, yaani karibu mmoja katika kila watoto kumi. Si ajabu basi kama darasani mwako wamo wawili watatu waliokuja duniani kwa njia hiyo, nao leo hukimbia, huimba na hukosea hesabu kama wenzao. Huenda ukawa wewe mwenyewe ni mmoja wao.

Wakati mwingine sababu ya kuzaliwa mapema hujulikana: shinikizo la damu la mama, maradhi ya kuambukiza, au mimba ya mapacha. Mara nyingi haijulikani kabisa. Lishike neno hili, maana tutalirudia: mara nyingi hapana mtu wa kulaumiwa.

Mtoto huyu amepungukiwa na mambo manne ambayo wewe na mimi twayatumia bila ya kuyashukuru. Amepungukiwa na joto, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba na chini yake hamna mafuta ya kutosha. Amepungukiwa na pumzi, kwa kuwa mapafu yake hayajapata utelezi uzuiao vifuko vya hewa visishikamane kila atoapo pumzi. Amepungukiwa na uwezo wa kula, kwa kuwa kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi kwa zamu ni kazi ambayo wengi hawaiwezi kabla ya juma la 34 hivi. Kwa hiyo maziwa hupitishwa katika mpira mwembamba hata tumboni. Tena amepungukiwa na kinga, kwa maana sehemu kubwa ya kinga ya mama humfikia mtoto katika majuma ya mwisho ya mimba, na majuma hayo yeye hakuyapata.

Wanadamu walianza na joto. Katika mji wa Paris, karibu na mwaka 1880, tabibu Stéphane Tarnier aliona chombo cha kuangulia mayai katika bustani ya wanyama. Akawaza kwamba, ikiwa joto la sanduku laweza kumlea kifaranga, huenda likamlea na mtoto. Akatengenezewa sanduku la joto, na vifo vya watoto wadogo katika hospitali yake vikapungua. Pierre Budin, aliyefuata nyayo zake, alitambua jambo la pili. Aliona kuwa mama aliyetengwa na mwanawe, asimshike wala asimnyonyeshe, aliweza kupoa moyo, hata baadhi yao wakawaacha watoto wao. Kwa hiyo alitaka akina mama wakaribishwe na wanyonyeshe.

Dunia ililisikia neno la kwanza kuliko la pili. Huko Marekani, tangu mwaka 1903 hata mwaka 1943, Martin Couney aliwaweka watoto njiti ndani ya masanduku ya joto katika Coney Island, mahali pa starehe katika mji wa New York. Watu walilipa senti 25 ili wawatazame, na fedha hiyo ikalipa wauguzi na gharama za malezi. Wazazi hawakutozwa kitu. Tusiwe wepesi wa kumhukumu. Wakati huo hospitali nyingi hazikuwa na mahali pa watoto hao, na maelfu waliokoka mikononi mwake. Lakini itazame picha hiyo vizuri: mtoto yu nyuma ya kioo, mtazamaji yu mbele ya kioo, na mama hayumo katika picha.

Hospitali zilipojenga wadi zake, nyingi ziliwafungia wazazi mlango kwa kuogopa maradhi. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa kuwa maradhi madogo kwako ni kifo kwa mtoto wa kilo moja. Hata hivyo pamoja na hofu iliingia desturi, na pamoja na desturi iliingia fikira kwamba mtoto ni mali ya wadi, na mzazi ni mgeni mwenye saa zake za kutazama.

Fikira hiyo ilitikiswa na mahali ambapo hapakutazamiwa. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, hospitali moja ya uzazi ilielemewa. Masanduku ya joto hayakutosha. Watoto walilazwa zaidi ya mmoja katika sanduku moja, wakaambukizana maradhi. Tabibu Edgar Rey Sanabria akashauri jambo ambalo halikudai fedha wala umeme. Mtoto aliyepata nafuu avuliwe nguo, abaki na nepi na kofia, awekwe wima kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa nguo, apewe maziwa ya mama, akae hapo usiku na mchana. Njia hii iliitwa malezi ya kangaruu, kwa mfano wa mnyama wa Australia ambaye mwanawe huzaliwa mchanga mno akamalizia kukua katika mfuko wa mama.

Wako walioidharau wakisema ni tiba ya maskini. Kwa miaka mingi ilikubaliwa kwa sharti moja: kwanza mtoto atulizwe katika wadi mbali na mama, ndipo apewe kifua. Swali likabaki: je, mtoto aliye dhaifu zaidi, ambaye hajatulia bado, naye afaa kuwekwa kifuani? Swali hilo lilipelekwa katika hospitali za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria, na jirani yetu Tanzania, mjini Dar es Salaam. Vitanda vya akina mama vikaingizwa ndani ya wadi ya watoto mahututi. Watoto 3,211, wenye uzito wa kilo 1 hata chini kidogo ya kilo 1.8, waligawanywa katika mafungu mawili. Fungu moja waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa. Fungu la pili walitunzwa kwa desturi ya zamani. Katika fungu la pili walikufa karibu 16 katika kila watoto 100 kabla ya siku 28. Katika fungu la kwanza walikufa 12. Tofauti ilipokuwa dhahiri, jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba malezi haya yaanze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa.

Angalia vizuri lililotendeka. Dawa hazikutupwa, wala mashine za kusaidia pumzi hazikuzimwa. Kilichoondolewa ni ukuta baina ya mama na mtoto. Basi neno la kwanza la insha hii ni hili: mzazi si mgeni katika wadi, yeye ni sehemu ya dawa.

Lakini tusipotoke upande wa pili, tukadhani kuwa mapenzi peke yake yatosha. Tarehe 7 Agosti 1963 Rais wa Marekani, John F. Kennedy, alizaliwa mtoto wa kiume aliyetangulia siku zake kwa majuma matano na nusu. Jina lake aliitwa Patrick, na uzito wake ulikuwa kilo 2.1. Hakukosa mapenzi, hakukosa fedha, na hakukosa madaktari mashuhuri. Aliishi saa 39, akafa kwa ule upungufu wa mapafu niliokueleza. Miaka minne kabla, mwaka 1959, tabibu Mary Ellen Avery alikuwa ameonyesha kuwa kosa ni kukosekana kwa utelezi, lakini kujua kosa si kujua dawa. Mwaka 1972 madaktari Liggins na Howie wa New Zealand walitangaza kuwa sindano apewayo mama kabla ya kuzaa huharakisha kukomaa kwa mapafu ya mtoto. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake wa Japani walitangaza kuwa utelezi waweza kutiwa mapafuni mwa mtoto, ukamfaa. Leo mtoto wa umri ule na uzito ule, mahali penye matunzo mema, aghalabu huishi. Mapenzi yalimlilia Patrick. Elimu ndiyo iliyowaokoa waliokuja baada yake.

Na elimu nayo ina ajali zake. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 watoto njiti katika nchi tajiri walipewa oksijeni nyingi bila ya kipimo, na maelfu wakabaki hai lakini vipofu, hata ilipogunduliwa kuwa ziada ya oksijeni huharibu macho yao machanga. Elimu bila ya unyenyekevu hupofusha, na huruma bila ya elimu huzika.

Hapa atainuka mwenye kuuliza: “Kwa nini tutumie nguvu nyingi kwa mtu ambaye huenda asiishi, ilhali vitanda ni haba na wauguzi ni wachache?” Swali hili si la ukatili, na wauguzi wetu hulibeba kila siku. Katika hospitali nyingi za umma humu nchini muuguzi mmoja ana watoto wengi kuliko mikono yake. Basi tulijibu kwa adabu.

Kwanza, mengi yanayowaokoa watoto hawa hayamnyang'anyi mtu kitu: joto la kifua, maziwa ya mama, mikono iliyonawiwa. Pili, tukipima haki ya mtu kwa uhakika wa kuishi kwake au kwa uwezo wake wa kulipa fadhila, hapana atakayesalimika na kipimo hicho. Sote tulizaliwa hatuwezi kitu, na wengi wetu tutazeeka tukarudia hali hiyo. Tulilishwa kabla ya kufanya kazi, tukapendwa kabla ya kuonyesha tabia. Deni hilo hatuwezi kuwalipa waliotangulia. Twaweza tu kuwalipa wanaofuata.

Tatu, na neno hili ni zito, yako mahali ambapo jitihada hugeuka kuwa mateso, na tiba haina tena la kutibu. Hapo daktari mwaminifu hasemi uongo, wala hawakimbii wazazi. Huwaambia kweli kwa maneno yanayoeleweka, huwasikiliza, na humwacha mtoto kifuani mwa mama yake, si chini ya taa peke yake. Tiba ina mwisho, matunzo hayana. Mtoto aliyeishi saa 39 aliishi, naye anastahili jina lake na machozi yake.

Sasa twafika penye kiini cha jambo. Tumekubali kuwa mama ni sehemu ya dawa. Walakini katika kukubali huko umo mtego. Ni rahisi kusema, “Mama yupo,” kisha tukampa kazi yote. Malezi ya kangaruu huhitaji saa nane mpaka ishirini na nne kila siku. Mtoto alishwaye kwa mpira huhitaji maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na maziwa hayo mama huyakamua kwa mkono, mara nyingi akiwa na kidonda cha upasuaji ambacho hakijapona. Nyumbani ana watoto wengine. Kazini ana mwajiri. Mfukoni hana nauli. Kumwita mama si kumtwika mama. Yeye hubeba mtoto. Je, yeye hubebwa na nani?

Wahenga walijibu zamani: mkono mmoja haulei mwana. Kifua cha baba kina joto kama kifua cha mama, na baba asimamaye dirishani akiona haya kuingia apotezayo ni zaidi ya haya. Bibi aweza kubeba, na shangazi pia. Hata mama mgeni aweza kusaidia: mwaka 2019 hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya kwanza katika Kenya, ambamo akina mama wenye maziwa ya ziada huyatoa, yakapimwa, yakachemshwa kwa kiasi, wakapewa watoto ambao mama zao ni wagonjwa au wamefariki. Yule mama hatamwona mtoto anywaye maziwa yake, wala mtoto hatamjua. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa wema usiotazamia malipo.

Mimi niandikaye nina deni katika jambo hili, nami nalikiri mbele yako. Zamani jirani yangu alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alibaki hospitalini majuma saba, na mama alikuwa akienda alfajiri na kurudi usiku. Mimi nilikuwa nikipita mlangoni pake kwa haraka, kichwa nimekiinamisha, kwa sababu sikujua niseme nini. Nikimpa hongera, huenda mtoto akafa. Nikimpa pole, nitakuwa nimemzika kabla ya kufa. Nikaona kunyamaza ni adabu. Mtoto alipokuja nyumbani nilikwenda kumwona, nikamwomba mama radhi. Akaniambia, “Mwalimu, sikuhitaji maneno. Nilihitaji mtu wa kukaa na huyu mkubwa akitoka shule, ili nisiwe nakimbia nikiwa na maziwa kifuani na machozi machoni.” Huyo mkubwa alikuwa mwanafunzi wangu. Kila siku nilikuwa nikimwona darasani akisinzia, nikamkemea kwa uvivu. Kumbe ndiye aliyekuwa akipika, akiteka maji, na kuwalaza wadogo zake.

Kwa hiyo nakusihi, msomaji, usingoje kuwa daktari. Jambo kama hili likitokea kwenu au kwa jirani, yako yaliyo katika uwezo wako leo. Chota maji. Pika uji, uupeleke ungali moto. Kaa na watoto waliobaki, uwasaidie masomo yao. Jina la mtoto ukilijua, litaje, kwa maana kila alitajaye humwambia mama kuwa mwanawe ni mtu. Ukiwa na mafua, usiende karibu; upendo nao hujizuia.

Na ulimi uufunge kwa mambo mawili. Usiulize, “Ulikula nini? Ulibeba nini kizito?” Nilikuambia ulishike neno lile, nami nalirudia: mara nyingi hapana mtu wa kulaumiwa. Mama huyo amekwisha jihukumu usiku kucha bila ya kosa. Usiwe shahidi wa uongo katika kesi yake. Wala usiseme, “Utapata mwingine.” Mtoto si shilingi, ikipotea moja hutafutwa nyingine yenye thamani ileile.

Nilianza kwa kuuliza mtoto huyu huokolewa na nani. Sasa waweza kujibu mwenyewe. Huokolewa na aliyegundua utelezi wa mapafu, na anawaye mikono kabla ya kumgusa. Huokolewa na muuguzi asiyelala, na mama asiyeondoka, na baba aliyeshinda haya. Huokolewa na mgeni aliyetoa maziwa, na jirani aliyepika uji, na kaka yake wa darasa la saba aliyeteka maji. Ukimwondoa mmoja, huenda wengine wakatosha. Ukiwaondoa wengi, hata mashine bora ya ulimwengu itabaki kuwa sanduku.

Siku moja utapita mlangoni kwa mtu ambaye vigelegele vimemkwama kooni. Usiinamishe kichwa kama nilivyofanya mimi. Piga hodi.